Nitrati Haiishi kwa Kuchemsha: Kinamasi Kinavyosafisha Majitaka

Maji ya kisima yakichemshwa, vijidudu hufa. Nitrati haiondoki, maji yakipungua kwa moto, yenyewe hubaki. Mtoto mchanga anayetengenezewa maziwa kwa maji hayo ndiye aliye hatarini zaidi, kwani nitrati ikizidi huzuia damu yake kubeba oksijeni. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita.

Nitrati hutokana na nitrojeni iliyo katika mbolea, mkojo na kinyesi. Majitaka ya mji wa Nyeri husafishwa Kangemi na Gateiguru. Penginepo, nyumba, shule na hoteli nyingi hutegemea vyoo vya shimo na matangi ya septiki. Tangi hutuliza uchafu, lakini nitrojeni nyingi hutoka na maji. Hupenya hadi visimani, au hufuata mto Chania hadi Sagana, Tana na bwawa la Masinga.

Njia mojawapo ya kuiondoa ni kinamasi cha kutengenezwa: shimo lililozibwa lisivuje, likajazwa kokoto na kupandwa matete. Wafanyakazi wake ni bakteria. Kundi la kwanza huhitaji hewa, nalo hugeuza amonia kuwa nitrati. Kundi la pili hufanya kazi pasipo hewa, likiigeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni, ambayo tayari imejaa hewani na haidhuru. Kwa hiyo ni lazima kinamasi kiwe na sehemu zote mbili. Jijini Nairobi, kinamasi cha Splash kilianza kusafisha majitaka ya mkahawa na bustani ya michezo ya maji mwaka 1994.

Watafiti huongeza vipande vya kaboni, kimoja chini na kingine juu, vikiunganishwa kwa waya. Bakteria wanapokula uchafu, umeme hupita wayani, jambo lililoonyeshwa na Potter nchini Uingereza mwaka 1911. Umeme huo ni mdogo. Faida yake kuu ni kusaidia kuondoa nitrojeni.

Baridi ya milimani hupunguza kasi ya bakteria, hivyo kinamasi cha huku huhitaji nafasi kubwa zaidi. Kitanguliwe na tangi, matete yakatwe, na mafuta yasimwagwe humo. Taasisi inayotaka kukijenga itafute mhandisi na leseni ya NEMA ya kumwaga maji hayo.

Nawe mkazi, chimba kisima mbali na choo, upande wa juu. Ikiwa una mtoto mchanga, peleka maji ya kisima chako maabara yapimwe nitrati.