Damu Mikononi mwa Macbeth

Mwanafunzi anapokabidhiwa tamthilia ya Shakespeare kwa mara ya kwanza, aghalabu hupewa pamoja nayo orodha ya dhamira na ishara, kwamba damu ni hatia, giza ni uovu, na usingizi ni amani ya nafsi; naye huihifadhi, akaingia mtihanini akaitoa kama alivyoipokea, ilhali tamthilia yenyewe haijamgusa moyo. Hiyo naiona dhuluma, kwake na kwa mtunzi pia, maana ishara hukua pamoja na kisa, na atakaye kuijua hana budi kuifuata hatua kwa hatua.

Tuitazame Macbeth, iliyotungwa takriban mwaka 1606, zama za Mfalme James, ambaye mwaka 1605 alinusurika njama ya kulipuliwa kwa baruti pamoja na bunge lake, hata habari ya kuuawa mfalme haikuwa ngano ya mbali kwa watazamaji wa London. Damu ya kwanza tuionayo humo ni ya askari majeruhi, ajaye mbele ya Mfalme Duncan kuusifu ushujaa wa Macbeth vitani; na mfalme huyahesabu majeraha yale kuwa ni fahari. Hapa mwalimu na asimame kidogo, awaulize wanafunzi wake: hatia i wapi?

Haipo bado. Huja katika sehemu ya pili, Macbeth anapotoka chumbani alikomuua Duncan, jamaa yake na mgeni wake aliyekuwa amelala, naye angali ameshika majambia aliyopaswa kuyaacha kando ya walinzi wa mfalme, akihofu kwamba bahari nzima haitamtakasa. Mkewe huyatwaa, akaenda kuwapaka damu wale walinzi, akarejea na mikono myekundu kama ya mumewe, na kwake yeye maji kidogo yatosha kulifuta jambo lote. Kisha, katika sehemu ya tano, bibi huyo huyo, aliyekuwa ameuita usiku mzito uje kuufunika uovu wake, hutembea usingizini na taa mkononi, maana ameamuru asikose mwanga karibu naye, akisugua mikono ambayo tabibu aliyejificha haoni juu yake hata tone. Damu iliyokuwa fahari, kisha ikawa ushahidi, sasa imekuwa maradhi ya roho.

Kwa hiyo kila mwanafunzi na achague kitu kimoja, aandike kila kinapotajwa, nani akitaja na katika hali gani. Na ambaye Kiingereza cha kale kinamwia kizito asione haya kuanza na tafsiri ya S. S. Mushi, Makbeth, iliyotoka mwaka 1968, ndipo airudie asili. Aliyeshika usingizi ataanza na Duncan kitandani, apitie sauti ile ambayo Macbeth adhani ameisikia ikimtangazia kwamba hatalala tena, na mwishowe atamkuta yule bibi na taa yake, mahali pale pale alipofika mwenzake aliyekuwa akiifuata damu.