Kualikwa arusini ng'ambo ya mpaka

Leo ninaliweka kando somo la mashamba kwa sababu ya barua moja.

Mama aliyehama kutoka Kalehe anatuandikia hivi. Mtoto wa marehemu kaka yake, kijana wa Bukavu, anaoa binti wa Cyangugu, nchini Rwanda. Mama ameombwa aketi pamoja na wazazi wa bwana arusi, maana ndiye shangazi pekee aliyebaki. Lakini mdogo wake wa kiume amesema mbele ya jamaa yote: atakayevuka daraja la Ruzizi kwenda kucheza arusi kule, ametuuza. Mama anauliza mambo mawili. Je, ni kosa kwenda? Na akienda, afanye namna gani asimwaibishe mtoto?

Mimi nilisoma sheria, basi naanza na sheria, ingawa sitakaa hapo sana. Mama, wewe ni mhamishwa ndani ya nchi yako, si mkimbizi. Mkimbizi ni yule aliyevuka mpaka akaomba ulinzi wa nchi nyingine. Huyo akirudi kutembea alikotoka anaweza kuulizwa kama bado anahitaji ulinzi ule. Wewe umebaki raia wa Kongo ndani ya Kongo. Kwenda arusini siku moja na kurudi jioni hakukuondolei haki yoyote. Wala hakuna sheria yetu inayosema kwamba kumsindikiza mtoto wako kuoa ni usaliti. Nawaambia machefu hasa: msikubali jina la mtu liandikwe kwenye orodha ya wabaya kwa sababu alionekana darajani na kikwembe kipya. Orodha za namna hiyo tumeziona katika nchi hii, na tunajua zinakofikia.

Simlaumu mdogo wa mama. Tangu vita vya 1996, na tena tangu M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, neno "ng'ambo" limekuwa zito kinywani. Mtu aliyepoteza nyumba hasikii ngoma ya arusi kama wengine wanavyoisikia. Ila ajue kitu kimoja. Siku ya kuposa, ambayo Wanyarwanda huiita gusaba, jamaa mbili huketi zikitazamana, upande huu na upande ule, nafasi ikiwa katikati. Viti vitupu vya upande wa kijana vinaonekana na kila mtu, na mwenye kuvitazama mchana kutwa ni kijana mwenyewe.

Sasa nije kwenye swali la pili, maana hapo ndipo watu wetu huharibikiwa. Mwaka 2018 nilikwenda na jamaa yangu kwenye gusaba huko huko Cyangugu. Baba yangu mdogo alikuwa mbele pamoja na wazee. Msemaji wa upande wa binti, anayeitwa umusangwa mukuru, alitusalimu vizuri, halafu akabadilika. Akauliza sisi ni watu gani. Akasema binti tunayemtafuta hayupo. Mwishowe akasema kwamba babu yetu alipata kunywa pombe katika boma lile, akaondoka bila kuaga, na deni lile halijalipwa hadi leo. Mtu mmoja alikuwa akimtafsiria baba mdogo maneno hayo sikioni, neno kwa neno, bila kumweleza maana yake. Baba mdogo akasimama. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu: "Kama leo ni siku ya kuhesabu madeni, basi na sisi tuhesabu yetu!"

Kimya. Wapiga ngoma walishusha mikono. Nilitazama mlango.

Aliyetuokoa ni msemaji wetu, umukwe mukuru, mzee wa kule kule tuliyekuwa tumemwomba atusemee. Aliomba radhi, akasema mzee wetu amepigwa na jua la darajani na ana kiu. Na kama babu aliondoka bila kuaga, wajukuu wamekuja kuaga kwa niaba yake, na kazie ya Primus iko nje. Watu wakacheka, baba mdogo akapewa chupa, kazi ikaendelea.

Wasikilizaji, lawama ile ni mchezo. Wasemaji wawili wanajua tangu asubuhi jinsi itakavyokwisha. Upande wa binti hukataa, husingizia, hutaja kosa ambalo halikutendeka. Upande wa kijana hujibu kwa upole, huomba msamaha, hulipa kitu kidogo. Ukifikiri, si upuuzi hata kidogo: jamaa mbili zinajaribu mbele ya watu kama zitaweza kugombana na kupatana, kabla ugomvi wa kweli haujafika. Na hata kwetu Kivu, wazee wa mahari hawakubali neno la kwanza. Tofauti ni kwamba kule mchezo ni mrefu zaidi, na unachezwa kwa lugha ambayo wengi wetu tunaisikia nusu nusu. Kwa hiyo mama, mtafute mkalimani anayejua desturi, asiwe mtu wa kugeuza maneno tu. Na mwambie ndugu yako habari hii kabla, si pale kitini.

Baada ya maneno huja gukwa, yaani mahari. Wachungaji huingia na fimbo zao, wakiwasifu ng'ombe kwa majina kama watu wanavyosifiwa. Usicheke, na usizungumze wakati huo. Ukisalimiwa "Amashyo", maana yake tunakutakia makundi ya ng'ombe, nawe utajibu "Amashongore", makundi ya majike. Neno hilo moja likitoka kinywani mwa mgeni wa Kongo, utaona nyuso zikifunguka.

Kuhusu kinywaji, najua hofu iliyopo kwetu ya karuho, sumu ile inayosemwa kila mahali. Kule chupa hufunguliwa mbele ya macho yako, na pombe ya kienyeji mwenyeji huionja kwanza. Kama dini yako inakukataza pombe, omba Fanta, hakuna atakayekasirika. Usishangae pia ukipewa chupa bila sahani. Kwa desturi ya zamani ya Wanyarwanda, kula mbele za watu ilikuwa haya. Kwa hiyo kula kwanza nyumbani, na watoto uwalishe.

Usimwite binti "mke wetu" kabla ya wakati. Kwa sheria ya Rwanda, ndoa inayotambuliwa ni ile ya serikali tu: wawili husimama mbele ya ofisa, mkono mmoja umeshika bendera, mwingine umeinuliwa. Gusaba peke yake haiwafanyi mume na mke kisheria.

Neno moja zito zaidi. Usimwulize mtu yeyote kabila lake, hata kwa utani, hata chupa ya tatu ikiwa mkononi. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, kabila liliondolewa katika vitambulisho vya Rwanda, na maneno ya kuchochea ukabila yanaweza kumpeleka mtu gerezani. Lakini hata pasipokuwa na gereza: hujui yule mama aliyeketi mbele yako alizika wangapi. Ndiyo maana pia juma linaloanza tarehe 7 Aprili halina arusi kule. Ni juma la maombolezo.

Mama anauliza aende na zawadi gani, naye hana kitu. Mchango wa jamaa hutolewa kwa pamoja. Simama na wenzako wakati wanapoutoa, inatosha. Kama utabeba kikwembe, usikifunge katika mfuko wa plastiki. Rwanda iliipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, nao utanyang'anywa mpakani. Fungia katika kitambaa.

Kwa njia, chukua kadi yako ya uchaguzi. Kama ilipotea wakati wa kukimbia, omba hati ya upotevu sasa, usingoje Ijumaa. Juma lenyewe la arusi, mtume mtu aulize mpakani kama daraja limefunguliwa, mpaka saa ngapi, na karatasi gani inatakiwa. Masharti hayo hubadilika, na jana si leo.

Na ndugu yako, mama, usimlazimishe. Mwombe akusindikize hadi darajani, akungoje hapo jioni utakaporudi.

Juma lijalo, saa hii hii, tunarudi kwenye mashamba: shamba lililokaliwa na mtu mwingine wakati mwenyewe yuko kambini.