Ujumbe Uliokufa Njiani

Paukwa! Pakawa!

Mnamo 1972, katika maabara za Bell Labs nchini Marekani, Dennis Ritchie alikuwa akiiunda lugha ya C. Ni lugha yenye kasi, lakini haina huruma. Programu yako ikigusa kumbukumbu isiyo yake, mfumo wa kompyuta huiua papo hapo, na kwenye skrini yanabaki maneno mawili tu: Segmentation fault. Kosa liko mstari gani? Utajijua mwenyewe.

Ndiyo maana waandishi wa programu huiamuru itaje kila inapofika:

printf("nimefika A\n");

Halafu B, halafu C. Ukiona A na B bila C, basi kosa limejificha baada ya B. Rahisi, sivyo?

Haya, sogeeni. Iendesheni tena programu hiyohiyo, ila safari hii matokeo yaende kwenye faili badala ya skrini. Inakufa kama kawaida. Mkifungua faili, tupu! Hata A haimo. Mwenye pupa ataapa kwamba programu ilikufa kabla ya A, akeshe akifukua mistari isiyo na kosa lolote.

Kumbe A ilisemwa, tena vizuri tu. Tatizo ni kwamba printf haipeleki maneno moja kwa moja. Huyaweka kwanza kwenye bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu ya kusubiria, na bafa ina tabia za daladala: haitoki stendi mpaka ijae. Kwenye skrini huondoka kila mstari unapokwisha, kwa hiyo msiidharau ile \n. Kwenye faili husubiri mpaka zijae herufi nyingi, mara nyingi maelfu. Programu ikimaliza salama, zilizobaki huandikwa zote. Ikiuawa ghafla, abiria hao hawafiki.

Sasa kuna njia ya pili, stderr. Hiyo ni bodaboda: abiria mmoja, twende.

fprintf(stderr, "%s:%d nimefika A\n", __FILE__, __LINE__);

Hayo majina mawili ya mwisho kompaila huyageuza kuwa jina la faili na namba ya mstari, msihangaike kuandika wenyewe. Msipitishe kila kitu huko, lakini; safari nyingi za abiria mmoja mmoja huchelewesha programu.

Ujumbe ukizidi, upeni madaraja. Syslog, mfumo wa kurekodi ujumbe wa programu aliouanzisha Eric Allman miaka ya 1980 kwa ajili ya Sendmail, programu ya kusafirisha barua pepe, unayo manane: 0 ni dharura, 7 ni huu wetu wa kusaka makosa. Programu ikikabidhiwa kwa watumiaji, daraja la 7 ndilo hunyamazishwa kwanza.