Nyoka wa Kufugwa: Mkali au Mwoga? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulitazama aina za nyoka wanaoonekana mikononi mwa watu mijini. Leo tueleze namna ya kumshika aliye mkali bila kuumia wala kumuumiza.

Mpita njia wa Kariakoo na Mnazi Mmoja ameshayaona haya: muuza dawa za asili anafungua gunia, anatoa chatu, watu wanajaa. Chatu akipuliza pumzi na kurudisha shingo nyuma, watazamaji husema ana hasira. Kumbe anaogopa. Ametolewa gizani, ghafla yuko juani katikati ya miguu ya watu. Hana masikio ya nje, lakini mtetemo wa kila lori linalopita unamfikia kupitia ardhi. Nyoka hampendi mfugaji wake kama mbwa. Anachoweza kuzoea ni kwamba mkono fulani haumdhuru.

Kazi ya mshikaji, basi, ni kumwondolea hofu. Kwanza achague wakati. Nyoka aliyekula aachwe siku mbili au zaidi, la sivyo anaweza kutapika. Macho yakiingia ukungu wa buluu, anakaribia kujivua gamba. Haoni vizuri, na hugonga chochote kinachosogea. Pili, anawe mikono. Harufu ya panya au kuku ikibaki kidoleni, kidole ndicho kitakachowindwa. Tatu, asimjie kwa juu, kwani juu ndiko anakotokea mwewe. Amguse kwanza katikati ya mwili kwa fimbo yenye ndoano, kisha apitishe mkono ubavuni, amwinue taratibu na kumbeba kwa mikono miwili. Asimbane kichwa, maana anayebanwa hupigana. Shingo ikijikunja mfano wa herufi S, asitishe kazi mpaka nyoka atulie.

Chatu hana sumu, ila meno yake yamepinda kuelekea kooni. Akikung'ata ukavuta mkono kwa nguvu, nyama inachanika. Akikuviringa, mwenzako amkunjue kuanzia mkiani. Aliyefikia mita tatu asishikwe na mtu mmoja, wala asivishwe mtu shingoni kwa ajili ya picha.

Maelekezo haya hayawahusu swila, kifutu wala koboko. Hao wana sumu, si wa kuweka nyumbani. Hata Bayeye, wacheza nyoka wa Usukumani, hufundishana ndani ya chama chao, na dawa za kuumwa ni sehemu ya mafunzo hayo. C.J.P. Ionides, Mwingereza aliyekamata maelfu ya nyoka kusini mwa Tanganyika na kufariki mwaka 1968, aliumwa mara kadhaa pamoja na ujuzi wake wote.

Ukigongwa na nyoka mwenye sumu, usichanje, usinyonye, usikaze kamba, wala usipoteze muda kutafuta jiwe la nyoka. Vua pete na saa, tuliza kiungo kilichoumwa, wahi hospitali. Mate ya swila yakiingia machoni, osha kwa maji mengi, kisha nenda hospitali vilevile.

Juma lijalo tutaeleza vibali, maana Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kila mtu kukamata na kufuga apendavyo. Kwa sasa, msomaji mwenye chatu katika chumba cha kupanga, nakusihi: usimfungue ukiwa peke yako, na usimfungue mbele ya watoto.