Trekta Dogo na Plau la Sahani Tatu

Asubuhi moja ya mvua za vuli, nikipanda mteremko wa shamba letu Karatu, magurudumu ya mbele ya trekta yaliacha ardhi. Hayakupanda juu sana, labda upana wa kiganja. Nikakata usukani kulia, trekta halikusikia. Likaendelea na njia yake, likielekea ukingo wa korongo ambalo kila mwaka linakula shamba kidogo. Nilikanyaga klachi na breki kwa pamoja, nikateremsha plau chini. Pua ikashuka kwa kishindo, na trekta likasimama hatua chache kabla ya ukingo.

Nyuma yangu lilikuwa plau la sahani tatu, bado lina udongo mwekundu. Siku nilipolinunua, muuzaji alinihakikishia kwamba "linaingia" kwenye trekta langu la nguvu ya farasi 25. Na kweli liliingia. Lilikuja na pini nene za milimita 28, za trekta kubwa. Fundi akazitoa, akachonga nyingine za milimita 22 ambazo ndizo kipimo cha mikono ya chini ya trekta dogo. Kwa nusu saa nikawa na plau lililofungwa vizuri mahali pasipo pake. Tofauti ya zile milimita sita ndiyo iliyokuwa ikinionya, sikuisoma.

Nimeandika makala haya kwa sababu kila Nane Nane, pale viwanja vya Themi, Arusha, naona watu wakilizunguka trekta kwa saa nzima, wakiuliza farasi ngapi, linakula dizeli kiasi gani, spea zinapatikana wapi. Zana huchaguliwa mwishoni, kwa pesa iliyobaki. Mkopo unachukuliwa kwa ajili ya injini, na injini peke yake haipandi hata punje moja.

Kwanza tuelewe ile mikono mitatu ya nyuma ya trekta inayobeba zana. Iliyoifanya iwe jinsi ilivyo ni kazi ya Harry Ferguson, fundi aliyezaliwa mwaka 1884 County Down, Ireland. Matrekta ya enzi zake yaliburuta plau kwa mnyororo kama maksai. Plau likigota kwenye mwamba, magurudumu ya nyuma yaliendelea kusukuma, pua ikainuka na trekta likampindukia dereva. Ferguson, aliyepata hataza yake mwaka 1926, alilifunga plau kwa mikono miwili chini na mmoja juu. Kwa mpangilio huo, plau likigota, mkono wa juu unasukuma trekta kwa mbele na pua inabaki chini. Uzito wa plau na wa udongo unakaa juu ya magurudumu ya nyuma, kwa hiyo trekta jepesi linapata mshiko wa trekta zito. Mwaka 1938 alikubaliana na Henry Ford kwa kushikana mikono tu, na mwaka uliofuata likatoka trekta la Ford-Ferguson 9N. Matrekta madogo yanayouzwa leo Arusha na Mbeya yanabeba zana kwa mpango uleule.

Ndiyo maana inaniuma nikiona vijana waking'oa visiki kwa mnyororo uliofungwa kwenye mkono wa juu au kwenye ekseli. Hapo wamerudi nyuma miaka mia moja, kwenye trekta lile lile la kupinduka. Mnyororo ufungwe kwenye ndoano ya chini, chini ya usawa wa ekseli, basi.

Lakini mikono mitatu inafanya kazi yake plau likiwa ardhini. Likinyanyuliwa, hesabu inabadilika, trekta linakuwa mbembea ya watoto na ekseli ya nyuma ndiyo kigingi cha katikati. Baada ya tukio la korongo nililipeleka trekta kwenye mizani ya mazao. Zima lilikuwa na kilo 1,000, na karibu 400 kati ya hizo zilikaa mbele. Plau lilikuwa na kilo 370. Tulipolinyanyua, mbele zilibaki kilo 100 na ushee. Kanuni inayotumika Ulaya inataka ekseli ya mbele isipungue asilimia 20 ya uzito wa trekta tupu, maana yake langu lilihitaji kilo 200. Ongeza mteremko juu ya hapo, na usukani unakuwa pambo.

Kitabu cha trekta kilisema haidroliki inanyanyua kilo 750, na haikudanganya, ilinyanyua bila kulalamika. Wengi tunaishia hapo. Tena kilo hizo mara nyingi hupimwa kwenye ncha za mikono, wakati uzito wa zana unakaa nyuma zaidi, ambako nguvu ya kunyanyua ni ndogo. Kwa hiyo kabla hujalipa, omba zana ifungwe, inyanyuliwe, halafu upime magurudumu ya mbele. Muuzaji akikataa, jibu umeshalipata.

Nchi hii ilishalipa ada ya somo la zana na udongo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika, ukilenga zaidi ya ekari milioni tatu. Kongwa ilijazwa mitambo, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta vililetwa. Mvua ilipokatika, udongo wa Kongwa uligeuka tofali, na chembe zake za mawe zikasaga makali ya majembe. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, mamilioni ya pauni yakiwa yameteketea. Wagogo waliokuwa wakilima pale kwa mikono walijua ardhi ile inafunguka lini na inafunga lini. Swali hilo lilistahili kuulizwa kabla ya meli kupakiwa.

Sasa nije kwenye chaguo langu, na najua majirani zangu kadhaa watalipinga. Zana ya kwanza ya trekta dogo ni tela.

Kwa mwaka mzima niliandika kwenye daftari kila kazi iliyofanywa na trekta. Kulima hakukujaza ukurasa. Kubeba kulijaza kurasa sita: samadi kutoka zizini, maji, mchanga wa jirani anayejenga, mawe ya kuzibia makorongo, mahindi mwezi wa saba, mbaazi baada yake. Hapa kwetu kulima kuna wiki tatu au nne, na katika wiki hizo kila mwenye trekta yuko barabarani anatafuta kazi. Kubeba hakuna msimu. Mama mmoja mjane wa kitongoji chetu huniambia, "Baba, plau lako nalihitaji siku moja, tela nalihitaji kila Jumamosi." Magunia yake ya mbaazi yakikosa usafiri, mchuuzi anayafuata shambani na anapanga bei mwenyewe.

Lakini tela la tani mbili ni mzigo mara mbili ya uzito wa trekta linalolivuta. Kwenye mteremko litakusukuma, na likikunja kona kabla yako umekwisha. Nunua lenye breki. Ingiza gia nzito ukiwa bado juu, na usishuke huru hata kama dizeli inakaribia kwisha.

Ya pili ni ripa, au tindo kama wengine wanavyoliita. Lina jino moja au mawili tu na halipendezi machoni, kwa sababu likipita shamba linaonekana kama halijalimwa. Chimba shimo kwenye shamba lililolimwa kwa sahani miaka kumi na uingize kisu ubavuni mwake. Kinateremka vizuri hadi kina cha plau, kisha kinagota. Hilo ni tabaka gumu, limeshindiliwa na sahani zinazopita kina kilekile kila msimu. Mizizi ya mahindi ikifika hapo inakata kona, na mvua ikifika hapo inatiririka kwenda korongoni. Ripa linapasua tabaka hilo kwenye mistari ya kupandia pekee. Lipitishe ardhi ikiwa kavu, ili lipasue. Kwenye udongo mbichi linachora mfereji tu.

Rotaveta, zana ya visu vinavyozunguka, ndiyo inayouza matrekta kwenye maonyesho, kwa sababu udongo unatoka kama unga. Kwenye majaruba ya mpunga ya Mbarali au bustani ya mboga ina haki yake. Kwenye mteremko wa Karatu, unga huo ndio wa kwanza kuondoka na mvua. Ukiihitaji, kumbuka farasi 25 za injini hazifiki zote kwenye PTO, ule mhimili unaochomoza nyuma. Chagua nyembamba, ila isiwe nyembamba kuliko alama za matairi yako.

Na mhimili huo, iwe ni kwa rotaveta au mashine ya kupukuchua mahindi, una kasi ya kawaida ya mizunguko 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa sekunde moja. Kabla hujasema "toba" kanga imeshazungushwa mara tisa. Msimu wa kupukuchua, mashine inazungukwa na akina mama wenye kanga viunoni na watoto wanaookota punje. Mashine nyingi hapa zinafanya kazi bila kifuniko cha shafti, kwa sababu kiliwahi kuvunjika na fundi akasema si lazima. Ni lazima. Kifuniko kinagharimu kidogo sana ukilinganisha na zana yoyote niliyoitaja.

Lile plau la sahani tatu nililiuza kwa mwenye trekta la farasi 60, kwa hasara. Pini za milimita 28 nilikuwa nimezihifadhi, nikampa pamoja nalo.