Ruaha Mkuu: bwawa jipya, maji yale yale

Wakulima wa mpunga Usangu wanataka bwawa, na hoja yao ina uzito: tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Zuia maji ya masika, yafungulie Septemba.

Hesabu si rahisi hivyo. Maji hayo ya masika ndiyo yanayojaza Mtera, bwawa lililoanza mwaka 1980 ili kulisha Kidatu (megawati 204). Mwaka 1988 Mtera nayo ilipata mitambo yake ya megawati 80. Maji yanayofika huko huzungusha mitambo zaidi ya mara moja, kwa hiyo yakibaki mashambani TANESCO hupoteza zaidi ya mara moja.

Ugumu mwingine ni vibali vya maji. Kibali hutaja kiasi, mto haukijui. Maji ya Septemba yakifunguliwa huku mifereji haina milango wala vipimo, yataishia kwenye majaruba, na viboko watabaki kwenye tope.

Hivyo kabla ya saruji, Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ina swali la kujibu: mto ukishuka, nani apunguziwe kwanza?