Maneno ya Mapenzi (2): Chagulaga

Juma lililopita tulilitazama neno ubembe la watu wa pwani, yaani maneno matamu na madaha ya kumvuta mpenzi. Leo tupande hadi Mwanza, kwa Wasukuma, tukutane na chagulaga.

Kwa umbo, neno hili ni amri. Shina lake ni lile lile la chagua, ila hapa sauti l imesalia. Kiswahili kiliidondosha zamani, ingawa huibuka tena tukisema chaguliwa au chagulia. Kiishio -aga nacho ni cha kale katika lugha za Kibantu, na huonyesha tendo la mazoea au linaloendelea. Ndicho kinachosikika mwaloni Kirumba mtu akisema "alikuwaga hapa" au "tunaendaga Ukerewe", na siku hizi hata Dar es Salaam wamekizoea.

Usukumani ngoma ni jambo kubwa. Makundi ya Bagika na Bagalu yana ushindani wa miaka mingi, na sikukuu ya Bulabo hujaza watu Bujora, Kisesa, kila Juni. Kwenye ngoma, harusi na minada ndipo vijana walipoonana. Jioni, binti akishika njia ya nyumbani, kundi la wavulana lilimfuata likimwambia: "Chagulaga, mayu!" Mayu ni mama, namna ya kumwita mwanamke kwa heshima. Akimchagua mmoja, wengine walijiondoa.

Wapo wanaousifu utaratibu huu kwamba ulimpa binti sauti yake mwenyewe, kabla baba hajaanza kuhesabu ng'ombe wa mahari. Nakubali nusu tu. Amri ile inamtaka aseme ni nani. Haimwulizi kama anataka. "Simtaki hata mmoja" halikuwa jibu lililopokelewa. Aliyelitoa aliendelea kuandamwa, na wapo walioshikwa kwa nguvu. Kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, kumlazimisha au kumsumbua mwanamke hivyo ni jinai, hata kama wazee wataita mila.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaolifasiri chagulaga kuwa ni uchumba. Uchumba una mshenga, una barua ya posa, una siku za kufikiri kabla ya kujibu. Huyu binti alitakiwa ajibu pale pale njiani, giza likiingia, wanaume wamemzunguka.